Viti vya Wageni Kando ya Ziwa Mweru

Yaya Chola, kaka yangu,

Ni mimi, Kunda, mudogo wako. Ninakuandikia kwa Kiswahili, luga yetu ya kazi na wageni, kusudi Mama asisome. Yeye anasoma Kibemba tu, na haya siwezi kumuambia bado.

Kazi yako niko nayo mimi. Bwana mwenye nyumba ya wageni alitafuta wanaume wengine, wote wakakataa kusimama pale uliposimama. Basi wageni ninawapeleka mimi, mwanamuke, nao wamezoea. Asubuhi ninawapandisha mutumbwi kwenda kuangalia ndege katika mafunjo. Wenye nguvu wanavuka mpaka kisiwa cha Kilwa, humu ziwani, wanarudi wamebabuka uso. Saa sita wanakula samaki wa kuchoma, halafu wanalala juani kwenye viti vya kitambaa, wanakunywa bia, wanaogelea. Jioni ninawaonyesha jua likizama upande wa Congo, wanapiga picha. Hata hadithi yako ya kiboko na kofia ya muzungu ninaisimulia. Hawacheki kama ulivyowachekesha wewe.

Nimeanza na kazi kwa sababu naogopa kuanza na lile lingine.

Siku yako ya mwisho jua lilikuwa kali, ziwa limelala, hakuna wingu. Ulitia mukono ndani ya maji, ukautoa mbio. Ukaniambia, "Kunda, leo maji ina njaa. Wageni wasiingie." Mimi nilikuwa na sinia ya vikombe. Nilikujibu nini, Yaya? "Acha kuogopesha wageni, tutakosa kazi." Ukanyamaza. Muzungu mumoja munene akaingia, akavutwa na maji yasiyo na wimbi, ukamufuata na nguo zako za kazi. Yeye alitoka. Wewe tulikuokota siku ya tatu katika mafunjo, mukono wako wa kuume umenyooka mbele. Hatukuweza kuukunja. Seremala aliongeza ubao, tukakuzika hivyo.

Sasa sikia. Mwezi uliopita nilipanga viti vinane kando ya maji, namna wageni wanapenda, miguu iguse maji. Nikaenda kuchukua miavuli. Kurudi, viti vyote viko juu kwenye majani, vimejipanga sawasawa, vimeligeuzia ziwa mugongo. Nilidhani ni muzaha wa mupishi. Aliapa kwa Biblia. Kesho yake tena. Siku ya tatu nikaangalia muchanga vizuri: alama za miguu ni zangu peke yangu. Lakini kwenye kitambaa cha kila kiti kulikuwa na alama ya mukono mumoja tu, ya maji, inakaukia juani mbele ya macho yangu.

Sikumuambia mutu.

Halafu akafika Madamu muzee kutoka Elisabethville, kule Congo, na mwana wake na muke wa mwana wake. Macho yake yana utando mweupe, haoni mbali ya vidole vyake. Siku ya pili, saa sita, jua juu ya kichwa, aliniita.

"Kunda, ule mutu wenu wa kupanga viti, nguo yake inatoka maji. Mumupe ingine, atashikwa na homa."

"Mutu gani, Madamu?"

"Ule mwenye kusimama nyuma yako. Anasema leo maji ina njaa."

Yaya, yale maneno tuliyasikia watu wawili tu, wewe na mimi. Shingo yangu ilipata baridi kama nimemwagiwa maji ya mutungi. Sikugeuka. Nisamehe, sikugeuka.

Mwana wake na muke wake walikuwa wanatembea kwenda ziwani, muke anacheka, amevua viatu. Nilikimbia. Nikasimama mbele yao, nikafungua mikono. "Hapana. Leo hakuna kuogelea."

Bwana alikuja na imbwa yake, uso mwekundu. "Kunda, toka, ao utafute kazi nyingine!"

"Nitatafuta, Bwana. Lakini hawaingii."

Sijapata kumujibu muzungu namna ile maisha yangu yote. Yeye, kwa kuonyesha mimi ni mujinga, akatupa kijiti majini, na imbwa ikafuata. Maji yaliifikia magoti. Yakaifikia tumbo. Halafu hakukuwa tena na imbwa. Haikulia. Hakuna hata povu. Bwana alisema ni mamba, na labda ni mamba. Lakini mamba anatikisa maji, na lile ziwa lilibaki kama sahani. Muke wa mwana wa Madamu aliketi muchangani, akashika viatu vyake kifuani.

Tangu siku ile Bwana hanibishii. Wavuvi wamesimika nguzo kuzunguka maji mafupi ya kuogelea, na nikisema hapana, ni hapana. Katekista alikuja kukuombea pale pale. Wiki nzima viti havikusogea. Nilifikiri umekwenda.

Jana Madamu muzee alirudi kwao. Karibu na motokari alinipa mukono. Kisha akasogea nusu hatua, akanyoosha mukono wake kando yangu, pahali pasipo na mutu, akaushikilia kitambo, namna unavyomushika mutu mukono.

"Asante, Chola," akasema.

Jina lako sikumutajia. Alipofuta vidole kwenye nguo yake, nguo ililoa.

Kumbe ungali kazini. Na ninajua nani aliyekufunga hapa. Ni mimi, na maneno yangu ya kuogopa kufukuzwa. Ulinyamaza kwa ajili yangu, na sasa unawasemesha vipofu. Yaya, yatosha. Siku ile sikukusaidia kukataza. Nimekataza sasa, nitakataza kesho, na hata Bwana akinifukuza nitakuja kukatazia njiani.

Nenda kwa baba yetu, aliyekufa mbele yako. Amekungojea muda mrefu, na kule hakuna mugeni wa kuangalia.

Kesho wanafika wageni sita, na watoto kati yao. Nitafika mbele yao, nitatia mukono wangu majini. Na nikisikia tena mutu nyuma yangu, ninakuahidi, Yaya, nitageuka. Nitakuangalia usoni, hata ukiwa namna gani, na nitakuambia kwaheri yenye sikukuambia ulipokuwa muzima.

Mudogo wako,
Kunda