Embe Lililokatwa Kabla ya Kuanguka

Nango, Nichinan,
Miyazaki.
14 Desemba

Mpendwa Shangazi Fusae,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kwa sababu nimelelewa, si kwa sababu moyo umetulia. Habari za Sapporo na theluji yake? Mgongo unaendeleaje? Natumaini umepona, maana nataka uisome barua hii ukiwa umekaa vizuri, usije ukasingizia maumivu ukaiacha katikati.

Sisi huku ni wazima wa mwili. Bibi anakula kidogo. Baba, kaka yako, unamjua: ukimuuliza jambo zito anatafuta kijiti cha meno. Mama hajambo, anakusalimu. Salamu hizo kaniagiza yeye. Ingekuwa hiari yangu nisingeziandika.

Najua unashangaa mimi kuandika maneno mengi hivi. Mwezi wa Mei, mbele ya wageni, ulisema, "Huyu mtoto kasoma kwa lugha mbili, na hakuna hata moja inayomtoka." Watu wakacheka. Ni kweli, nilianza shule kwa kina Mama, Batangas, kwa Kitagalogi, nikaja kuendelea hapa kwa Kijapani, na kote huko mdomo wangu ni mzito. Mkono si mzito.

Sasa tuje kwenye embe.

Ulikuja kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu Babu afariki. Ulitukuta tunangoja embe la kwanza la mwembe wake, ule ulio karibu na mlango wa banda la nailoni tunalolipasha moto kwa hita ya mafuta wakati wa baridi, aliouotesha kabla ya mingine yote. Wewe umezaliwa hapa. Unajua kwamba kwetu embe halichumwi. Tunalivisha wavu, tunaufunga wavu kwa uzi juu, halafu tunangoja embe lijiachie lenyewe. La kwanza ni la madhabahu ya nyumbani. Babu hakuwahi hata kulibonyeza.

Asubuhi ya safari yako uliingia bandani na mkasi wa jikoni. Hukuniona, nilikuwa nyuma ya matawi nafagia. Sakuya wako akakwambia, "Mama, mbona bado limeshika?" Ukamjibu, "Marehemu hana haraka. Mimi nina ndege." Ukakata kikonyo, ukakata na wavu.

Ukaliweka mbele ya picha ya Babu, ukaliinamia, ukapiga picha kwa simu, ukaenda zako. Utomvu ulichuruzika mpaka kwenye kitambaa cha madhabahu. Bibi amekifua na kukifua, doa halitoki. Embe lenyewe halikuiva, lilisinyaa tu. Siku alipolishusha, Bibi alilimenya akalila lote peke yake, lilivyo chachu, macho ameyafumba. Nilimwomba kipande, akakataa.

Na yale uliyoyasema mezani, mtawa aliyekuja kumwombea Babu bado hajamaliza chai yake! "Mama, hili banda linakunywa mafuta kama meli. Ling'oe, uweke maegesho ya magari." Kisha ukamgeukia Mama yangu: "Eti wifi, kwenu si yanaokotwa tu barabarani? Huku mnayawashia moto ya nini?" Mama alicheka. Na yeye hutania kila mwaka kwamba kwao mwembe hauvalishwi koti. Lakini yeye hutania akiwa ameshika ndoo ya maji. Wewe ulitania ukiwa umeshika begi.

Ulivyoondoka ukadhani yameisha. Hayakuisha. Mwezi uliopita Bibi alitangaza kwamba mwaka huu hita haiwashwi. Baba akauliza kwa nini. Bibi akasema, "Mwanangu wa kumzaa ameshindwa kulingoja embe la baba yake. Basi mimi hilo banda nalitunzia nani?" Baba akatafuta kijiti.

Unajua maana yake. Miembe inataka baridi kidogo ili ichanue, lakini ikishaipata lazima iwashiwe moto, la sivyo vishada vya maua vinakufa, na baridi ikikaza mti nao unakufa. Siku ya kuwasha ikapita. Kila asubuhi kabla ya shule nilikwenda kuutazama mwembe wa Babu. Vishada vilikuwa vimejikunja kama ngumi. Shangazi, nilikuchukia. Sijawahi kumwambia mtu neno hilo, nakwambia wewe.

Jana redio ikatangaza kwamba kutakuwa na jalidi, baridi ya kugandisha umande. Tulikuwa tunakunywa supu. Nikasema, "Bibi, nawasha."

"Unawasha nini?"

"Hita."

"Kakuruhusu nani?"

"Hakuna."

Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. Baba akaweka chini vijiti vya kulia. Mama akainuka na chakula bado kiko mdomoni: "Twende nikuonyeshe swichi. Ile ya juu hukwama." Mama huyo huyo wa mwembe na koti!

Hita ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikanguruma. Yale mabomba laini ya plastiki yakajaa hewa ya moto, yakainuka kutoka chini kama watu wanaoamka. Baada ya muda Bibi akaingia, amevaa koti la Babu. Akakaa juu ya kreti karibu na mwembe. Mwishowe akavua koti. "Punguza bwana," akasema, "unataka kuichemsha?"

Lakini wakati wa kutoka alisema, "Leo tu." Hapo ndipo tulipo. Mimi nimewasha, ila banda ni lake, na anayemngoja si mimi.

Kwa hiyo sikubembelezi, nakwambia: mpigie simu. Usimweleze habari za ndege. Mwambie, "Mama, usizime." Hayo tu, halafu ngoja akujibu, hata akichelewa.

Ule wavu ulioukata nimeushona. Embe la kwanza la mwembe wa Babu nitalivisha huo. Njoo Mei, bila mkasi. Likianguka ukiwepo, utaliweka madhabahuni wewe. Lisipoanguka, utarudi Sapporo mikono mitupu, au ndege ikuache.

Msalimie Mjomba Tetsuro. Msalimie sana Sakuya, na umwambie alisema kweli, lilikuwa bado limeshika. Wazee wetu waliotangulia wawaepushe na utelezi wa barabara za huko.

Wako, nitakayekupenda tena simu ikilia,

Kanae Iwakiri