Nati ya Breki za Nyuma

Betanzos, Jumapili

Kwa kaka yangu Rómulo,

Kabla ya neno lolote nakupa salamu za nyumbani. Natumaini wewe, wifi Ninfa na watoto mnaendelea vizuri huko Buenos Aires, na kwamba kile kifua kilichokutesa wakati wa baridi kimekuachia. Sisi tu wazima. Baba anakula, analala, anaulizia mvua. Mimi nimechoka tu, uchovu ule ambao hata usingizi hauuondoi.

Uliponipigia simu baada ya ajali, baba alikuwa amekaa ubavuni mwangu, ndiyo maana nilikuacha ufoke. Ulisema niuze hilo bati bovu nitafute kazi ya wanawake wenzangu. Leo nakujibu.

Lori unalijua. Tangu uondoke, anayeliendesha ni mimi na anayelala chini yake ni mimi. Nikiziba rejeta, springi inakatika. Nikibadilisha springi, mpira wa maji unapasuka. Alfajiri nakunja sketi zangu, najilaza juu ya mawe yenye barafu, grisi inanidondokea usoni, ndipo nikapakie viazi vya Doña Primitiva kupeleka sokoni Sucre. Baba hukaa kiti cha pembeni akitafuna majani yake ya koka na kunikosoa gia.

Jioni ile kabla ya ajali, bomba la upepo wa breki za nyuma lilikuwa linavuja. Nilikata kipande kilichochakaa, nikaunga kipya, nikakaza nati kwa spana mpaka kiganja kikauma. Nikapaka povu la sabuni kwenye kiungo kutazama kama bomba linatoa mapovu. Halikutoa. Kesho yake, kwenye mteremko wa kwenda mtoni Pilcomayo, nilikanyaga breki nikasikia upepo ukipuliza nje kwa nyuma, na lori halikupunguza mwendo. Nikashusha gia, injini ikalia, lakini mzigo ulikuwa unatusukuma. Baba akaniambia taratibu tu, kama anayeomba chumvi, "Mlimani, binti. Liegemeze mlimani." Nikalibana ubavu kwenye mwamba, likasugua na kulalamika hadi likasimama, kona iko mbele yetu. Viazi viliporomoka bondeni. Baba aliumia bega, mimi nilipasuka mdomo.

Wa kwanza kutufikia alikuwa Don Severo, mwenye lori jekundu. Aliingia chini, akatoka akiuliza mbele ya watu nani aliyefunga nati ya lile bomba, maana limechomoka zima. Nikasema ni mimi. "Kwa vidole?" akauliza. Kisha akaniambia, "Dada, lori si sufuria. Sufuria ukiifunika vibaya, supu inamwagika. Hapa zinamwagika roho za watu." Wengine walicheka. Baba alikuwa ameketi juu ya jiwe, ameshika bega lake, hakusema kitu. Doña Primitiva naye hakunigombeza. Alisema tu, "Pumzika kidogo, mama," na mzigo uliofuata akampa Severo.

Maneno yao ningeyabeba, kaka. Kilichonimaliza ni kwamba nilianza kuiogopa mikono yangu. Nati niliyoikaza, naikaza tena. Nikiwa njiani nasimama, nashuka, naingia chini kutazama. Lile povu la sabuni nikaanza kudhani nililiota. Hata mnunuzi kutoka Potosí alikuja, akalizunguka lori, akapiga tairi mateke, nami nikamwambia arudi Jumamosi.

Alhamisi nilikuwa chini ya lori, baba akaja akachuchumaa kando ya tairi. Sikukuambia kumbukumbu yake imefikia wapi. Kuna siku ananiita kwa jina lako, nami naitika, kwa sababu nikimsahihisha analia. Akaita, "Rómulo." Nikasema, "Naam, baba."

Akasema, "Dada yako asijue. Ile nati niliifungua mimi. Niliamka mapema siku ile, nikaona bomba limekatwa na kuungwa, nikadhani wezi wamelichezea. Nikalifungua nilitazame. Kulifunga tena, mikono hii ikakataa spana."

Nikaiweka spana chini. Akaendelea, "Severo alipouliza nilitaka kusema, ulimi ukawa jiwe. Namwona mtoto wa watu anavyolizunguka lori kama kuku aliyepotelewa na vifaranga, na bado sisemi. Hutamwambia?"

Nikamjibu kuwa sitamwambia. Nilibaki pale chini muda mrefu, machozi yakiniingia masikioni, sijui nilie kwa ajili yangu au yake.

Maneno hayo yalikuwa yako, nami nimekufikishia. Severo sitamweleza, wala Doña Primitiva. Waache waendelee kusema. Mzigo nitautafuta kwingine. Mnunuzi nimemrudisha. Spana sasa nazifungia, na lori nalikagua baba akiwa ameshaketi ndani.

Lakini wawili hawa, baba na lori, siwawezi peke yangu. Njoo, kaka. Lori halikuhitaji wewe, litapata mkono wangu. Njoo siku moja tu baba achuchumae kando ya tairi, aite Rómulo, na atakayeitika awe wewe.

Wifi mpe mkono wangu, watoto wabusu vichwani. Baba anakusalimu, ndivyo angesema kama angejua kwamba hupo hapa.

Ni mimi dada yako,
Zenobia