Gari Lisilotaka Kuwaka Saa Nane Mchana

Jumapili jioni. Novemba imeingia na mvua haijafika. Hapa Mshangano vumbi limelala juu ya majani ya migomba kama unga, na bati la jikoni kwetu bado lina joto ingawa jua linaondoka.

Kuna jambo ambalo hadi leo mchana sikuwa nimemwambia mtu yeyote. Mwezi wa nane nilimdanganya baba. Aliniuliza kutoka uani, "Imelda, boksi umeshatoa?" Nami nikajibu kutoka ndani, "Nimeshatoa, baba." Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye mkeka, zimebaki kurasa kumi na moja nimalize kitabu. Sikuwa nimetoa chochote.

Uongo wa maneno mawili. Niliusahau kabla sijafunua ukurasa uliofuata.

Nieleze hilo boksi, maana anayesoma haya akiwa Tanga anaweza asielewe. Huku kwetu kuanzia mwezi wa sita baridi ni kali, na ukipanda barabara ya Njombe kuelekea Madaba alfajiri unakutana na ukungu ambao taa za gari hazipenyi. Injini inachelewa kupata moto. Kwa hiyo madereva hukata kipande cha boksi na kukiweka mbele ya rejeta, ile inayopoza maji ya injini, kuziba upepo. Joto likirudi wanakitoa. Nyumbani kwetu kazi hiyo ni yangu. Mwaka huu niliifanya vizuri kupita kiasi: nililifunga boksi ndani ya nailoni nyeusi lisiloane, nikalikaza kwa waya nyuma ya wavu wa mbele. Likatulia pale, jeusi juu ya jeusi. Hata ukichungulia ungedhani ni rejeta yenyewe.

Gari ni pikapu nyeupe ya zamani, ya kabureta, umri wake unazidi wangu. Ni ya baba, lakini tangu mguu wake wa kulia uanze kumsumbua anayeendesha ni mdogo wake, baba mdogo Beda. Anapeleka ndizi na mboga zetu sokoni mjini, na wakati wa baridi anafuata viazi Madaba. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikufa siku nyingi. Baba mdogo hupima joto la injini kwa kuweka kiganja juu ya boneti, kama anayempima mtoto homa.

Mwezi uliopita, joto lilipokolea, pikapu ilianza tabia. Asubuhi inawaka mara moja. Ikifika sokoni, mzigo ukishushwa, baba mdogo akirudi kuwasha, haitaki. Stata inazunguka, inazunguka, basi. Jioni inawaka yenyewe kama haijawahi kumkosea mtu. Mama mmoja muuza dagaa alikuwa akimpigia kelele mbele ya watu, "Beda, hilo gari limeolewa hapa sokoni, halitaki kurudi kwao! Njoo uchukue mahari!"

Fundi alibadilisha plagi. Akasafisha kabureta. Akaazima betri mpya. Mwishowe, kwa kukosa la kusema, akasema labda mafuta yamechanganywa na kitu.

Neno hilo lilimwingia baba vibaya.

Alhamisi, tukiwa tunakula, baba alimwambia baba mdogo kwamba anachakachua: anauza petroli njiani, anajazia mafuta ya taa. Baba mdogo aliacha tonge sahanini. "Kaka, mimi?" Aliweka ufunguo karibu na bakuli la kunawia, akaenda kulala kwa rafiki yake Msamala. Baba akawaita wazee wa ukoo waje Jumapili baada ya misa.

Ugomvi wa ndani unaweza kufa wenyewe. Lakini neno likishasemwa mbele ya wazee linakuwa mali ya ukoo, na halirudi. Baba mdogo angekuwa Beda mwizi wa mafuta hadi siku ya kuzikwa kwake. Na huyu ndiye aliyenifundisha kushika spana wakati wengine waliniambia nikachambue mchele. Ndiye anayeniita Profesa, na akiniita hivyo hanitanii.

Nataka kuwa mkweli hapa. Sikuanza kuchunguza kwa sababu nilikumbuka kosa langu. Nilikuwa nimelisahau kabisa. Nilianza kwa sababu nilikuwa na uhakika kwamba naweza. Darasani siwezi kusoma shairi kwa sauti watu wakinitazama, lakini fizikia haikutazami usoni. Unaiuliza swali, inajibu.

Jana baba alipokwenda msibani nilimwomba mama akae kwenye usukani. "Ukiliharibu mimi sikuwepo," alisema, lakini alipopanda alijifunga kitenge upya kama anayesafiri.

Nilichogundua kwanza ni kwamba watu wote walikuwa wakibadilisha vitu gari likiwa limepoa. Ugonjwa usiojitokeza haupimiki. Kwa hiyo tuliiacha injini ingurume juani karibu saa nzima, tukazima, tukasubiri robo saa. Mama akawasha. Haikuwaka.

Nilifurahi sana. Mama alinitazama kama nimepatwa na malaria.

Stata ilizunguka kwa nguvu, kwa hiyo betri ni nzima. Nikachukua plagi kuukuu aliyoiacha fundi, nikaichomeka kwenye waya wake na kuiegemeza kwenye chuma, mbali na kabureta, kama baba mdogo alivyonionyesha. Mama akapiga stata. Cheche ya bluu ikaruka. Moto upo. Yakabaki mafuta.

Hapa nilikwenda polepole, kwa sababu hapa ndipo jina la baba mdogo lilipokuwa. Nilikinga petroli kidogo kwenye kizibo cha chupa. Nikachana karatasi kwenye daftari la mwaka jana, nikadondosha tone moja la petroli ile, na pembeni yake tone moja la mafuta ya taa kutoka kwenye kibatari. Tukaiweka karatasi juani, tukasubiri. Tone la petroli lilikauka lote, karatasi ikabaki safi. Tone la mafuta ya taa liliacha duara linalong'aa, kama karatasi iliyofungiwa maandazi. Petroli yetu ingekuwa na mafuta ya taa ndani yake, nayo ingeacha alama.

Mama aliinua ile karatasi kwenye mwanga, akaigeuza, akaigeuza tena. Akasema kwa Kingoni neno ambalo sitaliandika hapa. Kisha akasema, "Kwa hiyo shemeji yangu hajaiba."

Hajaiba, mama.

Nilikuwa bado na jambo moja la kujaribu. Nililowesha kitambaa kwa maji ya mtungi, nikakizungushia pampu ya mafuta iliyo ubavuni mwa injini. Baada ya dakika tano mama akawasha, na pikapu ikawaka. Maana yake petroli ilikuwa ikichemka ndani ya pampu na kugeuka mvuke, na pampu ile imetengenezwa kusukuma kimiminika; mvuke haiwezi kuusukuma. Mama akapiga vigelegele peke yake uani hadi kuku wakakimbia.

Ningeishia hapo ningelala vizuri.

Lakini nilikuwa nimeandika swali kwenye daftari, chini ya majibu ya majaribio: mwaka jana jua lilikuwa hili hili, na gari liliwaka. Nini kimebadilika? Injini ilikuwa bado inanguruma. Niliweka kiganja mbele ya wavu nisikie feni ikivuta hewa. Sikusikia hata pumzi. Nikainama. Nikaona ncha ya waya, imesokotwa mara mbili na kukunjwa kwa ndani isimchome mtu.

Hakuna mtu mwingine nyumbani kwetu anayekunja ncha za waya.

Tangu Alhamisi nilikuwa nikimtafuta mkosaji kwa daftari na kalamu, kumbe ndiye aliyeishika kalamu.

Sasa sehemu ambayo ningependa kuiruka. Mama alizima gari, akaingia jikoni kutazama maharage. Nilikata waya, nikalitoa boksi, nikalificha nyuma ya kuni. Nilijiambia kwamba karatasi inatosha. Baba mdogo hajaiba, gari litawaka, kwa nini mtu aulize zaidi? Baba aliporudi nilimsalimia, nikamwekea maji ya kuoga, nikanyamaza.

Kilichonitoa huko si ushujaa. Ni hesabu. Nilijaribu kuwaza wazee wakisikiliza maelezo yangu bila boksi, na kila mara palikuwa na tundu mahali pale pale. Wangeuliza, mbona injini imezidi moto mwaka huu? Na jibu lingekuwa tayari: Beda analikimbiza gari. Ningekuwa nimemvua wizi na kumvika uzembe, wakati uzembe una mwenyewe.

Leo baada ya misa wazee watatu walikaa kwenye benchi uani. Baba mdogo alifika na shati lake jeupe la kanisani, akachukua kigoda karibu na lango, mbali na kila mtu. Niliwaamkia wote. Baba mdogo alipoitikia marahaba hakuniita Profesa.

Baba alikohoa. "Wazee wangu, nimewaita kwa jambo zito."

Nilikwenda nyuma ya kuni, nikachukua boksi, nikatembea hadi katikati ya uwanja na kupiga magoti. Nyumbani mimi hujulikana kwa mlio wa vyombo ninavyoosha kuliko kwa sauti yangu. Nilishangaa kuisikia ikitoka nzima.

"Baba, samahani, kabla hujasema. Mwezi wa nane uliniuliza boksi, nikasema nimeshatoa. Sikutoa. Limekaa mbele ya rejeta hadi jana. Ndilo lililokuwa likiichemsha injini mpaka petroli inageuka mvuke. Mafuta ni safi, nimeyapima. Baba mdogo hana kosa."

Nikaweka karatasi yenye alama moja juu ya boksi.

Mzee mkubwa kuliko wote alilichukua boksi, akalipindua, akavuta nailoni kwa kidole. "Nani alilifunga hivi?"

"Mimi, babu."

"Kazi nzuri," akasema. "Mbaya, lakini nzuri." Kisha akamgeukia baba. "Maneno yametosha. Gari na liseme lenyewe."

Basi baba mdogo alichukua ufunguo mezani, akaiendesha pikapu hadi lami na kurudi, mara mbili. Akaisimamisha juani, boneti imefungwa. Akazima. Tukakaa robo saa nzima. Kuku mmoja aliingia chini ya gari kutafuta kivuli, akatoka haraka. Ilikuwa saa nane kasoro, jua lile lile linalomwaibisha baba mdogo sokoni kila siku.

Baba mdogo akaufungua mlango wa dereva. "Haya Profesa," alisema. "Wewe ndiye uliyemziba pua. Mwamshe."

Nilipanda. Niligeuza ufunguo. Iliwaka kabla sijahesabu moja.

Mzee mmoja alicheka hadi akakohoa. Mimi nilizima, nikashuka, nikampelekea baba ufunguo, kwa sababu gari ni lake. Baba aliusimamia mguu wake mbaya, akatembea bila fimbo hadi kwenye kile kigoda karibu na lango, akamkabidhi mdogo wake ufunguo kwa mikono miwili.

"Nilikosea, mdogo wangu. Nasema hapa hapa, mbele yao."

Baba mdogo naye aliupokea kwa mikono miwili. "Kaa chini, kaka," alisema. "Mguu huo."

Kwangu baba alisema, "Wewe tutaongea." Hatujaongea bado. Sijui adhabu ni ipi, na kwa mara ya kwanza siiogopi. Nitaulizwa, nitajibu, na nikijibu kwamba nimefanya, nitakuwa nimefanya.

Mama aliniita nikawashe moto. Kuni zilikuwa mbichi. Nikavua ile nailoni, nikaitupa shimoni, nikachana boksi vipande vipande, nikawashia moto, na nikawachemshia wazee chai.