Kitufe Chekundu cha Mama Faustina

Mafinga, Iringa
3 Juni 2024

Bibi Damari, mke wangu wa kwanza na wa mwisho,

Shikamoo. Kabla hujaniuliza hali, kaa chini, maana utaanguka. Kuanzia mwezi huu jua la Mafinga ni mimi. Lile la angani limeshindwa kazi, linachomoza limejifunika ukungu kama mgonjwa, na barafu inakaa kwenye majani mpaka saa tatu. Watu wakaona bora wamwajiri Anord. Nina watoto elfu nne, hakuna hata mmoja aliyezaliwa na mwanamke, na nikizubaa kidogo wanakufa wote. Katika ukoo wetu nani amewahi kufika hapo? Babu aliishia ujumbe wa nyumba kumi.

Afya yangu nzuri, kifua kimetulia. Goti lako je? Viazi huko Tembela vimeshachimbwa?

Sasa nikueleze. Nipo kwa Mzee Bartholomeo, analea vifaranga wa kuku mpaka wapate manyoya, ndipo anawauza. Kifaranga wa siku moja anataka joto kama yuko chini ya mama yake, na huku Mafinga hata mama mwenyewe anatetemeka. Basi bandani kuna hita ya dizeli, dude kubwa kama ndama aliyeshiba. Tangi la mafuta liko nje ya ukuta, mafuta yanaingia kwa bomba jembamba, moto unawaka tumboni mwake, moshi unatokea juu ya bati na joto linabaki na watoto wangu. Mimi ndiye msaidizi wa hita. Msaidizi kwa karatasi tu. Kwa akili mimi ndiye fundi.

Tatizo ni fundi wa karatasi, Mama Faustina Kalinga. Mfupi, ana sauti ya kengele ya kanisa, na ana sheria kuliko Bunge. Mafuta yasiingie bandani hata kwenye kikombe. Tone likidondoka, mwaga mchanga, zoa, peleka nje. Kitambaa chenye mafuta usikirundike pembeni. Nguo ikilowa dizeli, vua hapohapo, hata kama kuna wageni. Juzi nilivua, Bibi, na wageni walikuwepo.

Sheria kubwa ni ya kitufe chekundu. Hita ikizimika yenyewe, unabonyeza kitufe hicho mara moja. Ikikataa kuwaka, unaondoa mkono, unamwita yeye, hata awe anaoga. Nikamwambia, mama, kwetu hata hodi watu wanapiga mara tatu! Akaniangalia kama nimemtukana.

Barua nampa Jailos, dereva wa basi, ataiacha Uyole dukani kwa Esta. Ungekubali kununua simu tusingesumbuana hivi.

Mumeo mdogo,
Anord


Tembela, Mbeya
11 Juni 2024

Anord, mume wangu asiye na ng'ombe hata mmoja,

Marahaba. Barua imefika, inanuka mafuta ya gari. Mimi mzima, goti linauma mvua ikitaka kunyesha na linauma mvua isipotaka. Viazi tumechimba, vikubwa kama kichwa chako ila vyenyewe vina kitu ndani. Simu sitaki. Simu inameza maneno, barua naisoma mara nne.

Huyo mama msikilize. Jirani yetu Sedekia aliweka mafuta ya taa kwenye chupa ya soda, juu ya meza. Mjukuu wake akanywa. Wakakimbilia kumtapisha kwa maziwa, hospitali wakagombezwa sana, wakaambiwa ukimtapisha mafuta yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mtoto amepona lakini alilazwa siku tisa. Mimi ya kwangu yako kwenye dumu, pembeni ya jiko. Muulize mama wa hita kama ni sawa.

Ila kwenye hodi umesema kweli. Mwambie kwetu hodi ni tatu, hata malaika akija anapewa tatu.

Bibi yako,
Damari


Mafinga
24 Juni 2024

Mke wangu mwenye maneno makali,

Shikamoo, pole na goti, mpe pole na Sedekia.

Nimemuuliza. Amesema hivi, na nimeandika anavyosema, pamoja na salamu yake ya Kihehe: "Kamwene sana Bibi Damari. Hilo dumu litoke jikoni leo, si kesho. Likae nje kwenye kivuli, limefungwa, liandikwe jina lake kwa rangi." Halafu akaniuliza kama bibi yangu ni mzuri kama mimi. Nikasema zaidi.

Bibi, naomba niseme kitu ambacho ukimwambia mtu nitakana. Huyu mama ni noma.

Wiki iliyopita lori lilileta dizeli. Dereva ameshatoa mpira, anataka kumimina. Mama Faustina akasema subiri. Akachota kidogo kwenye bakuli nje kabisa, akasugua tone kati ya vidole, akanusa, akangoja. Dizeli inabaki na utelezi kama mafuta ya kula. Hii ilikauka mkononi kama maji. "Rudi nayo," akasema, "humu kuna petroli." Dereva akapandisha sauti, oo mama wewe umesomea wapi? Akamjibu: "Nimesomea kwenye pua. Rudi nayo." Lori likageuza. Mzee Bartholomeo baadaye alisema ingeingia kwenye hita, tungelitafuta paa Makambako.

Na juzi asubuhi niliwakuta watoto wangu wamelala kifudifudi, midomo wazi. Nikasema wamechoka. Yeye alipochungulia tu akapiga kelele, "Milango! Fungua yote!" Akanivuta nje kwa kola. Kumbe ndege amejenga kiota kwenye bomba la moshi, hewa mbaya ikarudi ndani. Haina harufu, Bibi, haina rangi, unasinzia tu mpaka basi. Vifaranga wanaanza, mtu anafuata. Nilikuwa nimeshaanza kuona usingizi mtamu.

Aliniambia, "Ningechelewa ningemwandikia nini bibi yako?"

Sasa namfuata nyuma kama mbwa. Nanusa kila kitu. Mercy wa kwaya, ambaye nitakueleza siku nyingine, ameniuliza kwa nini nanusa chai.

Mumeo,
Anord


Tembela
15 Julai 2024

Anord,

U mzima? Wiki tatu kimya. Dumu nimelitoa nje, nimeliandika MAFUTA kwa rangi ya mlango, nilitaka nikupe habari hiyo na hukuniuliza.

Esta wa Uyole anasema Jailos amekuona stendi ya Mafinga umevuta kofia mpaka puani. Alipokusalimia ukaangalia pembeni. Anasema pia kama macho yake hayamdanganyi, huna nyusi.

Nyusi zimekwenda wapi?

Bibi


Mafinga
18 Julai 2024

Bibi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, nala, nalala. Nyusi zipo njiani zinarudi. Naomba unitumie mafuta ya nyonyo, wanasema yanaotesha haraka.

Usishtuke. Ilikuwa Saba Saba, siku ya Jumapili, asubuhi. Mama Faustina alikuwa ibadani, kanisa la Kilutheri liko ng'ambo ya barabara, hatua kama mia mbili. Mimi peke yangu na watoto. Hita ikazimika. Mashine yenyewe imechakaa, kila mtu anajua. Nikawa nahangaika nayo kifundi, nimeinama nachungulia kwenye kitundu cha moto, ghafla BUUM! Mlango wa hita ukaruka, bomba la moshi likaanguka, masizi yakajaa banda zima, mafuta yakawa yanawaka sakafuni. Mwingine angekimbia. Mumeo alikamata ndoo ya maji kama askari!

Hapo Mama Faustina akaingia. Sijui alifikaje, viatu vya kanisani kaviacha barabarani. Alishafunga koki ya tangi kule nje. Ndiyo maana siku zote alikataa koki kuwekwa ndani. Alisema huwezi kupita kwenye moto kwenda kufunga moto. Akaipiga ndoo yangu teke. "Maji hapana! Yatausambaza!" Akachukua mchanga, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu, moto ukafa. Mlango wa hita ulikuwa umeangukia vifaranga. Akaunyanyua kwa mkono. Mkono mtupu, Bibi.

Halafu ndiyo ungeona. Mkono ukiwa kwenye ndoo ya maji baridi, akaanza kupanga watu. Kwaya nzima ilikuwa imetoka kanisani. Akagawa vifaranga kwenye maboksi, kila nyumba boksi moja, wakakae jikoni karibu na moto. Jirani mmoja, Mama Eveline, alibeba wengine ndani ya sweta. Siku hiyo ukipita mtaani kila jiko linalia piyo piyo. Jioni watu wakarudisha, wakahesabiwa, wamekufa mia mbili na kumi tu. Mama Eveline alirudisha na mmoja wa ziada, mpaka leo hatujui wa nani.

Sasa Mzee Bartholomeo amekasirika. Anasema mashine iko chini ya Mama Faustina, na iliharibika kwa sababu hakuisafisha vizuri. Amemwambia akae nyumbani. Jumatano tarehe 24 kuna kikao, itaamuliwa kama anafukuzwa. Ana miaka kumi na mmoja hapa.

Mimi ndiye nasimamia hita mpya kwa sasa. Fundi kamili. Nimepewa ovaroli yenye mifuko sita.

Mumeo,
Fundi Anord


Tembela
21 Julai 2024

Mjukuu wangu,

Salama. Mafuta ya nyonyo haya hapa, amekubali kuyaleta Jailos. Paka kidogo, usije ukaota manyoya kama vifaranga wako.

Barua yako nimeisoma mara nne, kisha mara ya tano. Mchanga umeuhesabu, ndoo tatu. Waliokufa umewahesabu. Mifuko ya ovaroli umeihesabu. Kitu kimoja hukukihesabu.

Ulibonyeza mara ngapi?

Na mimi nina langu. Nilikuandikia kwamba hodi ni tatu. Nilitaka ucheke. Hodi tunapiga kwa sababu ndani kuna mtu anayesikia. Mimi ni mzee, sikupaswa kufanyia mzaha kitu cha moto ambacho sijawahi kukiona. Huyo mama mwambie nimekosa.

Jumatano ni karibu. Andika ukitaka, lakini kwanza ongea na mtu mwingine kabla yangu.

Bibi yako,
Damari


Mafinga
25 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Mimi mzima.

Nilibonyeza mara saba.

Ya kwanza haikuwaka. Nilitakiwa kuvuka barabara nimwite. Lakini kwaya ilikuwa inaimba, Mercy yuko mstari wa mbele, na mimi nanuka dizeli, niingie kanisa zima linaniangalia niseme mama nimeshindwa? Nikabonyeza ya pili, ya tatu. Baada ya hapo sikuwa napiga hodi tena, nilikuwa na hasira na kitufe. Alishanieleza yote wiki ya kwanza: kila ukibonyeza na isiwake, mafuta yanamwagika tumboni mwa hita, yanangoja. Cheche ikija yanawaka yote kwa mpigo. Niliyajua haya. Usijilaumu, hodi ya kwako haikufika saba.

Jumanne jioni nilikwenda kwake. Alikuwa nje anamenya viazi kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa bandeji. Kabla sijafungua mdomo akanisogezea kigoda na kisu. Nikamenya. Nikasema yote, viazi vikaisha ndipo nikamaliza. Akasema, "Nilijua siku ileile. Mafuta yaliyojaa kwenye tumbo la hita hayawezi kuwa ya mbonyezo mmoja."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Mzee.

"Nilimwambia. Hakuniamini, kwa sababu kulikuwa na shahidi."

Jana kwenye kikao nikasimama na kusema, mbele ya Mzee, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na Mercy aliyekuja kuandika muhtasari. Mara saba. Nilionyesha na vidole. Mzee akasimama, akamwomba Mama Faustina msamaha. Amerudi kazini leo. Mimi sijafukuzwa, yeye ndiye aliyekataa. Alisema, "Huyu sasa ndiye mtu pekee Mafinga ambaye hatabonyeza mara ya pili." Ovaroli nimerudisha. Nazoa pumba za mpunga zinazotoka Madibira, natandika chini ya vifaranga, na hita naiangalia kwa mbali. Nimempa salamu zako na kosa lako. Amesema limesamehewa, na anataka kuja Tembela siku moja aone dumu lililoandikwa jina.

Natamani siku moja niwe nusu yake. Hapana, robo. Mkono wake hautafunga ngumi tena vizuri, daktari ndivyo alivyosema, na leo asubuhi nimemwona anajifunza kufungua koki kwa kushoto, polepole, anajicheka.

Kuna neno moja sikulisema kwenye kikao, Bibi, hata kwenye viazi halikutoka. Nakuandikia wewe kwa sababu karatasi hainiangalii. Ulipouliza ulibonyeza mara ngapi niliikunja barua yako nikaificha, kwa kuwa yeye aliniuliza maneno hayohayo Jumapili ile, Mzee amesimama pale, mkono wake ukiwa kwenye ndoo na ngozi inaelea. Aliuliza taratibu, kama anayenifungulia mlango nipite.

Nikamwambia, "Mara moja tu, mama. Kama ulivyonifundisha."

Mjukuu wako,
Anord