Mama, Gari Lako Limenyamaza

Mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimeandika salamu yako ya kila siku, nikasubiri kidogo, halafu nikajijibu mwenyewe. Milele, amina.

Ni Jumamosi mchana. Nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, daftari liko mapajani, na mbele yangu lipo gari lako. Nimelitazama muda mrefu kama mtu anayesubiri liseme. Kesho baada ya Misa ya kwanza natakiwa kwenda nalo kule Madaba kumchukua Bibi, nimlete aone kaburi lako. Na sijui kama nati za upande wa kulia wa mbele zimekazwa. Ndiyo shida yangu yote. Najua ungesema, "Wini, si umuulize fundi?" Simu ya fundi haipatikani, Mama. Nimepiga mpaka yule dada anayesema haipatikani nimeanza kumchukia.

Bibi hakukuzika. Ulipoondoka alikuwa amelazwa na mguu uliovunjika, na hakuna aliyethubutu kumwambia mpaka tulipokwisha kurudi kutoka makaburini. Mama mdogo Skola ndiye aliyebeba maneno hayo. Anasema Bibi hakulia. Aliuliza tu, "Mmemlaza wapi?" Tangu hapo kila akipiga simu anauliza hilohilo, hata mimi nikimwelekeza kona kwa kona, mti kwa mti. Mguu umepona lakini haukunjiki vizuri, basi hawezi kupanda basi. Mjomba akataka kumkodia gari. Akakataa. "Nitakwenda na gari la mwanangu. Hilo nalijua."

Gari la mwanawe lilikuwa chini ya mparachichi, linaliwa na vumbi na majani. Hakuna aliyeligusa mpaka ndugu walipokaa kugawa vitu vyako. Mama mdogo alipata vitenge na lile koti lako jeusi. Mimi nikapewa gari na cherehani, vitu viwili ambavyo wewe ulivijua kwa masikio na mimi navijua kwa woga. Chumba cha kushonea nimekifungua lakini sishoni, nafumua tu. Watu wanaleta nguo ulizowashonea niziongeze kwa sababu wamenenepa. Ninapofumua mishono yako naona ilivyonyooka, nasimama, naenda kunywa maji.

Nilipowasha gari mara ya kwanza lilianza palepale ulipoliacha. Ngo, ngo, ngo. Kila shimo. Unakumbuka ulivyokuwa ukisema? "Linaongea. Liache liongee." Na Bibi kule kijijini alikuwa akilisikia likishuka kwenye kona ya daraja la mbao, anaweka sufuria motoni, na tukifika uani maji yanachemka. Nilipokuwa mdogo niliamini Bibi ni mchawi kidogo.

Nikalipeleka kwa fundi Gaudensi, yule mrefu wa karibu na mashine ya kukoboa. Akainua mbele kwa jeki, akaniita. "Dada Wini, shika tairi. Tikisa." Tairi likacheza mkononi mwangu kama jino la mtoto. Akanionyesha bushi, ile mipira minene inayoshika mkono wa tairi, imepasuka na kukauka kama nyayo za mkulima. Akanionyesha boljointi, ile nyonga ya chuma ambayo tairi hugeukia, imelegea kabisa.

"Mama alikuwa anaendesha hivi?"

"Miaka," nikasema.

Akajifuta jasho. "Basi malaika wake alikuwa fundi."

Halafu akaniambia jambo ambalo angeweza kuniachia nisilijue. Kwamba ile nyonga ikichomoka, tairi linalala chini, na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Tangu siku hiyo nikifumba macho naliona tairi likilala. Mara niko kwenye mteremko, mara Bibi yuko pembeni yangu ameshika rozari.

Vifaa vikaja kwa basi, na jana Gaudensi akavifunga. Sikuondoka. Nilikaa kwenye tairi kuukuu nikamtazama kama mkwe anayekagua nyumba. Bushi mpya, boljointi mpya, na shokapu pia, zile za kupunguza mtikisiko, maana za zamani zilikuwa zimevuja mafuta yote. Alipofika kwenye zile nati za bushi akazizungusha kidogo tu, akaziacha. Nikamuuliza mbona hakazi.

"Hizi hazikazwi gari likiwa hewani," akasema. "Ukikaza likiwa linaning'inia, likishuka mpira unajisokota, mwezi hauishi umekatika. Mpaka lishuke, likae na uzito wake. Ndiyo nakaza."

Nikacheka, Mama. Mara ya kwanza kwa muda mrefu. Akaniuliza nacheka nini. Nikamwambia habari ya pindo. Jinsi ulivyokuwa hukubali kupima pindo mezani. "Avae, asimame, apumue," ulikuwa ukisema, na mteja anasimama pale katikati ya chumba na viatu vyake vya siku hiyo, wewe umepiga magoti na pini mdomoni. Gaudensi akasema, "Mimi unaniambia? Alinishonea suti ya harusi. Alinisimamisha mpaka miguu ikafa ganzi."

Basi akalishusha gari. Akalala chini, akakaza kushoto. Hilo nililiona kwa macho yangu, niliona akivuta spana mpaka ikagoma. Ndipo akaja bwana mmoja mwenye lori la Kanta la mahindi, limezimika barabarani, anapiga kelele, "Gaudensi, toka huko chini, mahindi yangu yataota!" Gaudensi akatoka, wakabishana, wakacheka, akaenda, akarudi. Akajifuta mikono. "Dada Wini, tayari. Liendeshe kama bibi harusi."

Je, alirudi chini kukaza kulia? Namwona akifuta mikono. Namwona akikusanya spana. Simwoni akilala chini. Nimejaribu tangu asubuhi kumlaza chini kichwani mwangu, hakubali.

Nimekwenda kwake, pamefungwa. Jirani amesema amekwenda ukweni Namtumbo. Nilipomwambia Mama mdogo, akapiga viganja. "Wini, fundi mzima alisahau nati? Wewe utakufa kwa kuwaza." Na ana haki, Mama. Tangu uondoke nimekuwa mtu wa kurudi nyumbani kutoka njiani kutikisa kufuli. Nikishatikisa naondoka, nikifika kwenye jalala narudi tena. Wenye maduka wananitazama. Nimesoma mpaka chuo kikuu, naweza kukuandikia kurasa kuhusu hofu na chanzo chake, lakini mkono wangu hauamini kufuli ambalo umelifunga wenyewe. Kwa hiyo sijui. Sijui kama hii ni nati, au ni kufuli tena.

Lakini kuna kile kikohozi chako.

Tulikizoea. Kikohozi kidogo, kikavu, kabla ya kuanza wimbo, kabla ya kuingia ndani ya nyumba. Wanakwaya walikuwa wakikisikia nje ya kanisa wanaambiana, "Sauti ya kwanza simameni, Mama Wini huyo." Mimi nilikuambia ukapimwe. Nikasema tena wakati wa mavuno. Ukaniambia, "Unashona pindo kwenye kitambaa ambacho hakijakatwa," ukacheka, na kicheko kikaishia kwenye kikohozi kilekile. Nikakuamini. Ulikuwa umesimama, unacheka, una sindano mkononi. Nani angekuona hivyo asikuamini?

Leo siwezi kuamini mtu kwa sababu tu anacheka.

Kuna mbao mbili nene zilizobaki tulipojenga choo. Nitapandisha matairi ya mbele juu yake nipate nafasi ya kupita, niweke mawe nyuma. Gari litakuwa limesimama kwa miguu yake. Spana zako ziko kwenye buti, umezifunga kwa kipande cha kitenge kama mtoto. Jua bado lipo. Naacha kalamu, Mama. Naenda kulala chini ya gari.

*

Jumapili, jioni.

Nilianza kushoto, pale nilipoona kwa macho. Nati haikusogea hata nilipovuta kwa mikono miwili. Nikatambaa kwenda kulia. Nikaweka spana, nikakaza mwili kujiandaa kuvuta, nayo ikazunguka bila ubishi, kama kifungo kilichobakiwa na uzi mmoja.

Mama, sijui nieleze vipi. Nilifurahi, halafu nikaanza kulia na mchanga ukaniingia sikioni. Nililia kwa sababu safari hii nilikuwa sahihi na haikuwa imechelewa. Na mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni wewe.

Nikakaza. Ya mbele na ya nyuma yake. Nilivuta mpaka gari lote likalalamika kwenye mbao. Mama mdogo akaja na bakuli la maharage akaona miguu yangu tu imetokeza. "Yesu na Maria! Wini! Umegongwaje na gari lililosimama?" Nilipotoka na kumwonyesha, kwa spana, jinsi ilivyokuwa ikizunguka, alikaa kwenye ngazi na bakuli lake. Hakuniambia tena habari ya kuwaza. Aliosha mikono yangu kwa sabuni ya unga kama alivyofanya nilipokuwa mdogo.

Leo asubuhi, tunatoka kanisani, simu ikalia. Gaudensi. Anahema. "Dada Wini, upo wapi? Usiondoke! Upande wa kulia, jamani, nimeamka nao!" Nikamwambia nimeshakaza. Akauliza, taratibu, kama anayeuliza habari za mgonjwa, "Likiwa chini?"

"Likiwa limesimama."

"Basi nenda. Nenda, mdogo wangu. Nisamehe. Ukirudi nitaangalia tena."

Nikaenda. Baridi ya mwezi huu unaijua, ukungu ulikuwa umelala barabarani mpaka karibu na Madaba, na mikono yangu ilishika stelingi kama inashika mtu asianguke. Sikufungua redio. Nilisikiliza kila shimo. Na kila shimo gari lilishuka, likapanda, likanyamaza. Unajua, nilikuwa nimejiandaa kwa sauti zote isipokuwa hiyo ya kutokuwepo sauti. Nikasimama pembeni, nikashuka, nikapiga teke tairi, nikaona aibu mbele ya mama mmoja aliyekuwa akipita na kuni.

Nikaacha lami, nikashuka ile njia ya vumbi, nikapita kona, nikapita daraja la mbao. Pale ambapo zamani hata mbwa walikuwa wakitutambua. Kimya. Nikatazama juu kwenye nyumba ya Bibi.

Hakuwa ameweka maji. Alikuwa amekaa nyuma ya jiko anachambua maharage, amevaa khanga ya ndani ya nyumba, hajajitayarisha. Nilipozima gari uani ndipo alipogeuka. Alishtuka, Mama, ungo ukamwagika. Akasimama na fimbo yake.

"Umepita wapi?"

"Njia ileile, Bibi. Shikamoo."

Akaja polepole, akaweka kiganja juu ya boneti, akainamisha sikio kama anayesikiliza tumbo la mjamzito. "Nimekaa hapa tangu alfajiri nalisubiri. Mbona sikulisikia?"

Nikamweleza. Kwamba mbele kulikuwa kumekwisha, mipira imepasuka, vyuma vimelegea, kwamba ile ngo-ngo ilikuwa ndiyo hiyo, na sasa tumeweka vipya. Alisikiliza mpaka mwisho. Akatikisa kichwa.

"Kumbe lilikuwa linaumwa," akasema. "Mimi miaka yote nilidhani ndiyo sauti yake."

Nikainama kuokota maharage. Niliokota moja moja, mpaka yaliyoingia chini ya kuni, nisije nikainua uso.

Tuliondoka bila chai. Bibi alikaa mbele, mguu umenyooka, rozari mkononi, kama nilivyomwona kwenye hofu zangu, isipokuwa tairi halikulala. Njiani aliniambia ninaendesha kama mtu anayebeba mayai ya jirani. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Akacheka kidogo.

Tulifika kwako jua likiwa limeanza kuinama, linaiangaza milima ya Matogoro. Nilimwekea kile kigoda chako cha kushonea. Alikaa, akaushika msalaba kwa mikono miwili, akasema, "Tumsifu Yesu Kristo." Akasubiri. Alisubiri kweli, Mama, kama mtu aliye mlangoni na anajua wenyewe wapo. Nikaona hataendelea mpaka ajibiwe. Nikakujibia.

Halafu akaanza kukugombeza. Kwa nini hukumwambia unaumwa. Nilienda kusubiri kwenye gari, yale yalikuwa yenu.

Sasa yuko chumbani kwako, amejifunika blanketi lako la bluu. Amesema atakaa mpaka achoke, na nikitaka kumrudisha kwanza nilipeleke gari kwa fundi alirudishie kelele kidogo, maana yeye bila kelele hatajua kuweka maji. Nimemwambia nitapiga honi kwenye kona ya daraja. Hiyo nakuahidi na wewe. Kila nitakapokwenda, nitapiga honi ndefu pale, na maji yatachemka.

Na kuna jambo jingine. Ninapoandika hapa, ukuta mmoja tu katikati yetu, nimemsikia akikohoa. Kidogo tu. Kikavu. Labda ni vumbi la njia, labda ni baridi. Kesho asubuhi nampeleka akapimwe. Akisema ni wasiwasi wangu tu, nitamwambia ndiyo, Bibi, ni wasiwasi. Panda gari.

Pumzika, Mama. Milele, amina.

Mwanao,
Wini