Nimepewa Kazi ya Kumtafuta Aliyeandika Barua, na Aliyeiandika Ni Mimi

Mpendwa Shangazi, nisaidie kabla sijapasuka, maana nimejipalia makaa kwa mkono wangu mwenyewe, tena wa kushoto, utaelewa mbele. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, mwaka wa tisa huu, na jina langu na la hospitali yetu sitayataja hata unibembeleze.

Yote yalianza pale Katibu wa hospitali, bwana mmoja anayetembea na tepu ya kupimia vyumba, alipotunyang'anya chumba chetu cha mapumziko akakijaza viti vya mikutano, viti sitini, Shangazi, na sisi tangu siku hiyo hatuna hata kimoja cha kukalia, tunakula wima kwenye stoo ya mashuka, ukisikia hatua za mtu unameza tonge bila kutafuna, na ratiba ya zamu inabandikwa Jumapili jioni kwa kazi ya Jumatatu asubuhi, kwa hiyo ukialikwa harusi ya ndugu yako wa tumbo moja unajibu "tutaona", na maji kazini sinywi kwa sababu nafasi ya kwenda chooni haipo, huku wagonjwa nawahubiria glasi nane kwa siku.

Basi siku moja uzalendo ukanishinda, nikakaa kwenye meza ya wodi baada ya kukabidhi zamu, nikaandika barua ya kueleza haya yote, nikaiandika kwa mkono wa kushoto ili mwandiko usijulikane, herufi zikayumba kama za mtu aliyepanda punda, nikaimaliza vizuri kama ninavyomaliza kazi zangu zote, nikaitumbukiza kwenye sanduku la maoni, nikaenda zangu nyumbani nimetulia tuli.

Kesho yake Matroni, mkuu wetu wa wauguzi, akatusomea barua hiyo kwenye kikao cha asubuhi, ameikunja sehemu ya chini, anasoma neno kwa neno, na Katibu kasimama pembeni mishipa imemtoka shingoni, "Nataka jina!" Matroni akasema jina litapatikana, kazi hiyo atampa muuguzi anayemwamini kuliko wote, halafu akanitazama mimi, akanitazama mpaka nikadhani nina kitu usoni. Ningesema nini, jamani? Nikaitikia "Sawa, Matroni" kwa sauti ya mtoto wa chekechea. Nakala ya barua ikabandikwa ubaoni, imekatwa kwa chini, nadhani nafasi haikutosha, na mimi nikaanza upelelezi, nikawaita wenzangu mmoja mmoja, nikawauliza walikuwa wapi siku hiyo, nikaandika majibu kwenye daftari, na mwisho nikajihoji na mimi ili haki itendeke.

Sasa Katibu kaisoma ile nakala akagundua kuwa huo ni mwandiko wa mkono wa kushoto, na wodi nzima anayetumia kushoto ni mmoja tu, mwenzangu wa zamu, tunamwita Mashoto, mwanamke mpole ambaye hata sindano anachoma akiomba radhi, na Katibu ameapa kwamba mwisho wa mwezi atamhamishia zahanati ya mbali, saa mbili kwenda, saa mbili kurudi, naye ana mtoto wa miezi mitano ananyonya. Jana kaniletea yai la kuchemsha kule stoo, akaniambia, "Dada, najua utanitetea, si wewe ndiye mpelelezi?" Shangazi, lile yai lilinikwama. Nikikiri nitafukuzwa, na nina watoto wawili wa shule, nikinyamaza Mashoto anaondoka. Chama cha wauguzi nimejiunga, ila kadi yake naitumia kuonyesha nilipofikia kwenye kitabu. Nifanye nini?

Muuguzi Asiyejulikana

*

Wewe Asiyejulikana,

Pole, mwanangu. Kula umesimama katikati ya mashuka si ushujaa, ni kuonewa, na barua yako ilisema kweli tupu. Pole yangu inaishia hapo.

Maana huko kujihoji mwenyewe kumenivunja mbavu na kuniudhi kwa wakati mmoja. Ulipoandika kwa kushoto hukujificha, ulimsukuma Mashoto mbele yako. Hukukusudia, najua. Lakini yai lake ulilipokea.

Jibu hili umeletewa mkononi, wodini, siku tatu kabla ya gazeti kutoka, ili usinipe kisingizio cha muda. Unajiuliza nimejuaje pa kulileta? Chini ya "Muuguzi Asiyejulikana" umeandika tarehe, saa, jina kwa herufi kubwa, wodi, hospitali, namba ya usajili, ukatia na sahihi. Kama faili la mgonjwa! Miaka tisa unaambiwa kazi isiyotiwa sahihi haijafanyika, na mkono umezoea. Sasa ile ya sanduku la maoni uliimalizaje? "Vizuri, kama ninavyomaliza kazi zangu zote." Haya.

Matroni anajua. Amejua tangu alipoifungua. Ndiyo maana aliikunja alipoisoma, ndiyo maana nakala ya ubaoni imekatwa chini, na ndiyo maana upelelezi kampa mtu pekee ambaye hawezi kumletea Katibu jina. Nahisi naye amewahi kula wima. Alikuwa anakupa nafasi ujitokeze, wewe ukaitumia kujaza daftari.

Leo zamu ikiisha, mweleze Mashoto kwa mdomo wako, asije akasoma gazetini. Akinuna, mwache anune, ana haki. Kisha chomoa kadi kitabuni, nenda kwa mwakilishi wa chama hapo hospitalini. Kazi yake ni kukuongoza na kukaa kando yako Katibu akianza kufoka, kwa hiyo usithubutu kuingia kwa Katibu peke yako. Kisha wewe na huyo mwakilishi nendeni kwa Matroni.

Na lile daftari usilitupe. Wiki hii kila mmoja aandike alikula saa ngapi, amekaa au amesimama, na chooni alikwenda mara ngapi. Barua isiyo na jina Katibu ataibishia, lakini mbele ya wodi nzima na saa zao atababaika. Andikeni barua moja ya madai mawili tu: chumba kirudi, na ratiba itoke wiki mbili mapema. Viti msiombe, vimo humo tayari, sitini.

Atakasirika, sikudanganyi. Lakini kumhamisha mmoja ni rahisi. Akihamisha wodi nzima, sindano atachoma kwa tepu yake?

Kipande cha chini cha barua yako nimekikata kwa mkasi kabla haijaenda kuchapwa, kama Matroni alivyokata cha kwanza. Hii ya tatu, mtakayoandika pamoja, haikatwi na mtu. Tia tarehe, tia saa, tia sahihi, na safari hii tumia mkono wa kulia.

Shangazi