Lori Lililomzungukia Shemeji Yako

Nyumba Na. 302, Jengo la Saba,
Bupyeong, Incheon.
19 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Sang-cheol,

Nakusalimu wewe na nyumba yako nzima. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Toronto? Na Mi-ran, presha yake imetulia? Mwambie dawa ameze akiwa ameshakula, si akiwa anakimbilia kazini. Sisi tu wazima. Mgongo unanisumbua, lakini huu ni msimu wa kuweka kabichi za kimchi, na mwanamke asiyeumwa mgongo mwezi huu ujue kabichi zake kaoshewa na mtu mwingine.

Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, kwa sababu nikianza kukusema kwenye simu mtandao wako huwa unakatika ghafla. Karatasi haikatiki. Kaa kitako usome.

Ile tamthilia mpya, *Hewa ya Siku Tisa*, inayoonyeshwa mtandaoni kwa wanaolipia, shemeji yako yumo. Nilikutumia ujumbe siku ilipoanza, nawe ukanijibu kwa picha ya kidole gumba. Kidole gumba, Sang-cheol! Mume wangu ameigiza miaka arobaini na moja, na yote hiyo alikuwa maiti au mtu wa kuwa maiti. Amechomwa mishale, amekatwa panga, amenyweshwa sumu ya mfalme, amelala mtoni mwezi wa Januari hadi midomo ikawa ya buluu. Askari wa tatu kutoka kushoto, ndivyo walivyomwita. Safari hii wakampa mtu mwenye jina: Fundi Bong, mzee anayetunza mitambo ya hewa katika mji uliochimbwa chini ya ardhi ya Mwezi. Sehemu kumi, na katika zote kumi anasema maneno.

Kama hukuitazama, na najua hukuitazama, sikiliza. Moto unazuka upande wa chini wa mji. Kapteni Yeon, ambaye anaigizwa na yule kijana mwenye uso wa tangazo la sabuni, anaingia kuuzima. Moto unamshinda. Fundi Bong anaona hewa ya mji mzima inavutwa na moto, na huko juu kuna watu mia nne. Anaufunga mlango, na kapteni yuko ndani. Kisha anakaa chini mbele ya ule mlango, anaushika tu kwa kiganja. Mimi niliyelala na mtu huyo miaka thelathini na sita nilimsahau kabisa, nikamlilia Fundi Bong kama jirani yangu.

Mwanzoni ilikuwa raha. Alikwenda sokoni, muuza tofu za soya akamlamba kofi la mgongo mbele ya wateja.

"We mzee! Moyo wa kumfungia mtoto wa watu mlango uliupata wapi?"

"Mama, nilikuwa na watu mia nne," akajitetea.

"Mia nne, mia nne! Ungefungua hata kidogo tu. Haya chukua tofu yako, na usinitazame."

Alirudi nyumbani anang'aa. Kipande cha ziada alikuwa ametiliwa mfukoni, akaniambia kwamba mwigizaji akipigwa sokoni ndipo amefika. Sikumbuki lini tena nilimwona amekula wali bakuli mbili.

Lakini wale wa sokoni wanapiga kofi, kisha wanakupa tofu. Mashabiki wa yule kijana wa sabuni hawana tofu. Walianza kwa kuandika mtandaoni kwamba kapteni hakustahili kufa, kwamba katika kitabu ilikotolewa tamthilia mlango ulijifunga wenyewe, kwamba mzee yule ni msaliti. Sawa, wamelipa, waseme. Kisha wakachukua picha ya mume wangu, wakaizungushia utepe mweusi kama picha ya marehemu. Mtu mzima, yu hai, anakunywa chai mezani kwangu! Halafu yakaanza kufika mashada ya msiba kwenye lango la kampuni huko Seoul, yamepangwa mstari, kila moja limeandikwa Fundi Bong. Na mwisho wakakodi lori.

Unayajua malori hayo, yenye skrini kubwa ubavuni. Lilizunguka jengo la kampuni siku tatu, asubuhi hadi jioni, na maandishi marefu kuliko mimi: MUUENI FUNDI BONG. TURUDISHIENI KAPTENI. Siku ya pili nilishindwa. Niliziacha kabichi kwenye chumvi, nikapanda treni na aproni yangu, na nilipofika ndipo nikagundua kwamba glavu za mpira bado ninazo mikononi, nyekundu kwa pilipili. Watu walinipisha njia.

"Wewe baba, huoni haya?" nikamwambia dereva. "Huyo unayetangaza auawe ni mume wangu!"

Akateremsha kioo. "Mama, mimi nimekodiwa tu. Jumatatu nilikuwa nazungusha pongezi za siku ya kuzaliwa ya mwimbaji. Hiyo tamthilia sijaiona, nyumbani kwangu hatulipii."

"Basi zima hiyo skrini!"

"Nikiizima nafukuzwa kazi." Akazitazama glavu zangu. "Lakini kula naruhusiwa. Naenda kula supu, naliegesha hapa. Mama ukitaka kulitukana litukane, halijibu."

Akaenda zake. Nikabaki nalitukana lori peke yangu. Nikiwa hapo, maandishi makubwa yakaondoka, yakaanza kupita majina ya waliochangia, na miji yao, ili kampuni ione kwamba dunia nzima imekasirika. Jakarta. Lima. Osaka. Kisha likapita jina nililolichagua mimi mwenyewe kwa mnajimu wa majina huku wewe ukiwa huko umemshika mwanao mchanga: Gu Ha-rin, Toronto.

Kikulacho ki nguoni mwako. Niliketi kwenye ukingo wa barabara na aproni yangu.

Nilidhani labda ni Gu Ha-rin mwingine. Mwanangu Ji-hwan akaufungua ukurasa wake, tukaikuta picha ya lori lenyewe na maneno, "Limefika! Mzee mwuaji atajuta." Ji-hwan akamwuliza kwa ujumbe kama anamjua mzee huyo ni nani. Mwanao akajibu, "Mwigizaji fulani tu, sijawahi kumsikia."

Hapo ndipo hasira zangu zilipogeuka njia zikaja kwako. Sitamlaumu mtoto kwa kutolijua jina la mume wangu. Ha-rin amelelewa vizuri, na mtoto aliyelelewa vizuri hamwiti mkubwa kwa jina. Tangu anajifunza kusema, kwake huyu ni mume wa shangazi basi, na kwenye skrini wamembandika ndevu na kovu. Lakini kazi yake je? Ji-hwan alimwuliza tena, baba yangu anafanya kazi gani? Akajibu bila kusita kwamba ni mlinzi wa ghala, baba kaniambia.

Ndiyo, alilinda ghala miaka sita, kwa sababu maiti halipwi vizuri. Mimi namjua aliyekuwa anaona haya, tangu siku ya harusi yangu uliponinong'oneza kwamba naolewa na maiti wa kukodiwa. Nilicheka siku ile. Sikujua utawalisha na watoto aibu hiyo hadi ng'ambo ya bahari. Ungewaambia sentensi moja tu, shangazi yenu ameolewa na mwigizaji, leo mwanao asingechangia lori la kumwua.

Na wamemwua kweli. Kampuni ilipiga simu wiki iliyopita. Msimu wa pili Fundi Bong alikuwa awepo sehemu zote. Sasa atakufa katika dakika tano za kwanza, ili mashabiki wafurahi. Aliipokea simu amesimama, akaishukuru, akainama, kwenye simu! Sijamsikia tena akisema kwamba mwigizaji akipigwa sokoni ndipo amefika.

Nilipomwonyesha jina la Ha-rin na yale aliyoyaandika kwa Kikorea, alivaa miwani akayasoma yote. "Kumbe anaandika Kikorea vizuri," akasema. Kisha akatukataza, mimi na Ji-hwan, tusimwambie mtoto. "Mwacheni. Atajisikia vibaya." Kwa hiyo mume wangu hajui kwamba nakuandikia, na ukimwambia nitajua ni wewe.

Kifo hicho kitarekodiwa Alhamisi ya wiki ijayo. Sasa hivi ninapoandika anafanya mazoezi ya kuanguka juu ya godoro sebuleni. Jana mama wa ghorofa ya chini alipanda kutugombeza kwa kishindo, akamkuta kalala chali, macho wazi. Alipojua ni nini, akavua viatu akaingia.

"Baba, unaanguka kama gunia," akamwambia. "Anza na goti. Mtu aliyechoka huanza na goti."

Akaanza na goti. Alirudia mara kumi, na mama yule akakaa akamtazama mara zote kumi. Amekufa mara nyingi sana mtu huyu, Sang-cheol, lakini sijawahi kumwona akijiandaa hivi.

Nisalimie Mi-ran, nisalimie kaka yake na familia ya Hamilton, na mzee wa kanisani aliyenitumia vitamini. Kimchi yenu nitaituma kwa meli. Mbingu ziwape amani, na goti lako lipone upesi, maana kuna siku nataka ukae kitini muda mrefu, kama ninavyokuagiza hapa chini.

Msimu wa pili utaanza Aprili. Mketishe Ha-rin, umwambie ukweli wote uliomficha, na muitazame hiyo sehemu ya kwanza pamoja. Usimgombeze. Akitaka kulia, mwache alie. Fundi Bong akishakufa msiondoke. Ikifika mwisho, kitatokea kile kitufe cha kurukia sehemu inayofuata, na msipokizuia kitaruka chenyewe. Kizuieni. Yaacheni majina yapite yote. La shemeji yako litakuwa la tisa, na siku hiyo adabu ikae pembeni, mwanao alisome kwa sauti.

Dada yako akupendaye pamoja na hasira zake zote,

Gu Pil-sun,
mke wa Tak Jung-mo.